Je, wajua chachu hutambuaje kuwa wakati wa kugawanyika umefika?

Hamira ya mkate huota kijitumba ubavuni, kijitumba kikakua, kikajitenga. Lakini ipo chachu nyingine, Schizosaccharomyces pombe, ambayo Mjerumani Paul Lindner aliipata mwaka 1893 katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina lake linaonyesha ilikotoka. Hii haioti kitu. Seli yake ni kijiti kinachorefuka nchani bila kunenepa. Kikifika kama mikromita 14 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hukatika katikati, zikapatikana seli mbili zinazolingana. Penye chakula na joto la kutosha, mzunguko mzima huchukua saa 2 hadi 4.

Kwa nini 14, si 8 wala 20? Seli haina macho wala rula.

Siri iko kwa protini iitwayo Cdc2. Kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine, na protini ikishabandikwa hubadili mwenendo wake. Ila Cdc2 haiwezi kitu mpaka ishikane na saiklini, protini ambayo seli huitengeneza upya kila mzunguko na kuivunja mwishoni. Hata zikishashikana, bado kuna kizuizi. Protini nyingine, Wee1, huibandika Cdc2 yenyewe fosfati kwenye asidi amino yake ya 15 (asidi amino ni vijenzi vinavyounganishwa kuwa protini), tairosini, jirani kabisa na pale inapofanyia kazi. Fosfati moja, atomi chache tu, na seli nzima inasubiri.

Huku inasubiri, inakua. Kadiri inavyokua, Cdc25, yenye kazi ya kuing'oa fosfati ile ile, inazidi kujaa ndani yake, na Wee1 inabanwa na protini zinazokusanyika katikati ya kijiti. Ikifika hatua Cdc25 inashinda. Cdc2 chache zilizofunguliwa huichochea Cdc25 zaidi na kuizima Wee1, nazo nyingine zikafunguliwa kwa mkupuo. Ndiyo maana seli haigawanyiki nusunusu: ama bado, ama imeanza.

Baada ya hapo mambo huenda haraka. Kromosomu zake, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, ni 3, zote zimekwisha kunakiliwa, na kila nakala imefungwa na mwenzake kwa pete za protini. Kimeng'enya kiitwacho separasi hukata pete hizo, na nyuzi za protini huvuta nakala moja huku, nyingine kule. Tofauti na seli zetu, kiini, kifuko kinachotunza kromosomu, hakivunji utando wake. Hurefuka, kikabanwa kiuno, vikawa viwili. Kisha katikati ya seli pete ya aktini na miosini, protini za jamii ile ile inayokunja misuli yetu, hubana kama kamba ya mdomo wa mfuko huku ukuta mpya ukijengwa nyuma yake. Mwishowe vimeng'enya huyeyusha tabaka la kati la ukuta huo, seli zikaachana.

Mwanabayolojia Mwingereza Paul Nurse aliikuta Wee1 huko Edinburgh, Uskoti, katika miaka ya 1970, kupitia seli zenye hitilafu zilizogawanyika zikiwa karibu nusu ya urefu wa kawaida. Lakini kwangu mimi jaribio zuri kuliko yote ni la mwaka 1987. Yeye na Melanie Lee walichukua chachu ambayo Cdc2 yake imeharibika, haiwezi kugawanyika, wakaitia jeni za binadamu. Baadhi ya seli zikaanza kugawanyika tena. Jeni iliyoziokoa ilikuwa ya protini yetu inayofanya kazi ile ile, ingawa sisi na chachu tuliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mwaka 2001 Nurse alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Wee1 nayo tunayo. Dawa za kuizima zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani: seli ya saratani ikinyimwa Wee1 hukimbilia kugawanyika kabla haijakarabati DNA yake, ikafia humo humo.