Sauna ya Tallinn: usiangalie kipimajoto, angalia mawe

Mi kazi yangu ni boila, miaka kibao nipo na mvuke kiwandani, na huko mvuke ukivuja kwenye bomba watu wanakimbia. Sasa nilipofika Tallinn, mji mkuu wa Estonia, nikakuta sauna, yaani chumba cha joto cha kuogea, wanawake wamekaa uchi kwenye mabenchi ya mbao wanamwagia mawe ya moto maji ili mvuke uwapige, nilitaka kuelewa kila kitu.

Niliingia Kalma saun, ipo Kalamaja, ukitoka mji mkongwe unapita stesheni ya treni unaingia mtaani. Imefunguliwa 1928, ndo sauna ya umma kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hapo Tallinn. Kalamaja maana yake nyumba ya samaki, palikua pa wavuvi, baadae wakaja watu wa viwandani, wakaishi kwenye nyumba za mbao ambazo nyingi hazikua na bafu, kwahiyo mtu alikua anaenda sauna ya mtaa kuoga kabisa, hasa Jumamosi. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Unaoga kwanza ndo unaingia, na unakalia taulo lako.

Sasa tuje kwenye joto. Ndani inaweza kuwa nyuzi 90 hivi na mtu amekaa vizuri tu, wakati maji ya nyuzi 90 yangekubabua papo hapo. Hewa kavu inapeleka joto kidogo kidogo mwilini, na jasho likikauka linakupoza. Ila mtu akimwaga kata moja ya maji kwenye mawe, hesabu inabadilika yote. Mvuke unakuja kwenye ngozi yako ambayo ni baridi kuliko wenyewe, unageuka maji palepale, na gramu moja tu ya mvuke ikigeuka hivyo inakuachia kama jouli 2,260 (jouli ni kipimo cha nishati), wakati kuipasha gramu ileile ya maji nyuzi moja ni jouli 4 na kidogo tu. Ndo maana unaskia mabega yanawaka na kipimajoto hakijasogea, na yale maji yanayokutiririka ujue si jasho lote, mengine ni mvuke uliotua.

Bibi mmoja aliyekaa benchi la juu alikua anamwaga nusu kata, anasubiri, anamwaga tena. Nilifurahi sana, maana ndo inavyotakiwa! Mawe yakiwa na moto wa kutosha maji yanalipuka kuwa mvuke usioonekana, laini, unazunguka chumba kizima. Ukimwaga mengi kwa pupa mawe yanapoa juu, unapata unyevu mzito unaokaba kifua. Na kabla hujamwaga unawauliza wenzio, ni heshima.

Mvuke huo wanauita leil, na neno hilo ni ndugu na lélek ya Kihungaria, yaani roho. Sisi tuliokua tukijifukiza chini ya blanketi na majani kwenye sufuria hatuwezi kulishangaa, pumzi na roho zinakaa karibu. Kuna na viht, fungu la matawi ya mti wenye gome jeupe wanaouita kask, linalowekwa kwenye maji ya vuguvugu kisha unajipigapiga nalo, linasukuma hewa ya moto hadi kwenye ngozi na chumba kinanukia msitu.

Dakika 10 zinatosha kwa anayeanza, toka, jimwagie maji baridi, kunywa maji, pumzika ndo urudi. Pombe hapana, na mwenye presha au mimba amuone daktari kwanza.

Ukipata nafasi shuka kusini, Võrumaa, kwenye suitsusaun, sauna ya moshi ambayo desturi yake UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2014. Haina bomba la moshi, wanawasha kuni masaa kadhaa, moto ukizima wanatoa moshi ndo watu wanaingia, hapo hakuna moto tena, joto lote mnalotumia ni lile lililobaki kwenye mawe.