Uchumi unapodorora Nyanda za Juu Kusini: kipi kipunguzwe, kipi kilindwe

Wachumi husema kuna mdororo pale pato la taifa linapopungua kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana. Mwaka 2020 Tanzania haikufika huko, kwa kuwa uchumi wake ulikua kwa asilimia 4.8, hata hivyo, ukuaji ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 7.0 ya mwaka 2019, na kushuka kwa kiasi hicho kunatosha kupunguza kipato cha kaya nyingi.

Kwa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, mtikisiko huo mara nyingi huanzia mbali na hufika kupitia bei ya mazao. Baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Marekani mnamo Septemba 2008, hasara iliwapata hadi wanunuzi wa kahawa na pamba wa hapa nchini, na mwaka 2009 Serikali ikatangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, ambao sehemu yake ilikuwa kufidia hasara hizo. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akilipwa kidogo, huahirisha kununua bati na nguo, na muuza nguo wa Mwanjelwa naye hukosa fedha ya kumlipa msaidizi wake. Kila kaya inapobana matumizi kwa sababu za msingi kabisa, kipato cha kaya nyingine hupungua.

Chakula huwa cha mwisho kupunguzwa, ingawa aina yake hubadilika mapema: wali huwa wa siku chache na ugali ukawa wa kila siku. Wengi pia huanza kununua kwa kupima, mafuta ya robo na unga wa kilo moja moja. Jambo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu anayenunua kidogo kidogo kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila lita au kilo kuliko anayenunua dumu au gunia. Majirani watatu au wanne wanaochanga na kugawana gunia moja huokoa fedha bila kupunguza mlo wa watoto.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kaya zinazobana mahali pasipofaa. Mahindi ya ukanda huu hupandwa kuanzia Novemba, na Januari na Februari ghala huwa limepungua huku shamba likidai mbolea ya kukuzia. Katika kipindi hicho familia iliyoishiwa huacha mbolea, au huuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei anayoitaka mnunuzi, au huchukua mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno. Njia zote tatu huleta fedha leo na kupunguza mavuno au kipato cha msimu ujao, kiasi kwamba mtikisiko wa miezi michache huiandama kaya kwa miaka. Ni heri kuuza mbuzi au kusimamisha ujenzi kuliko kuliacha shamba bila mbolea. Mkopo ukiwa hauepukiki, kikundi cha VICOBA au SACCOS ambacho mtu amekuwa akiweka akiba ndicho cha kuanzia. Kwa wakulima wa viazi wa Njombe, ugumu wa soko usiwe sababu ya kukubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia halipaswi kuzidi kilo 100.

Kwa mfanyakazi, jibu la haraka huwa ni kukubali lolote ili asipoteze kibarua, na hapo ndipo haki nyingi hupotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka. Katika mashauriano hayo wafanyakazi wanaweza kupendekeza kupunguzwa kwa saa za kazi kwa muda ili wote wabaki. Anayeondolewa baada ya kutumikia angalau miezi 12 mfululizo anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Asiyeridhika na uhalali wa kuachishwa kwake afungue shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) aulize mapema kuhusu fao la kukosa ajira, ambalo halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Kwa hiyo mfanyakazi anayeletewa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuandikwa asiisaini kabla ya kupata ushauri.