Halvtreds: hamsini ya Wadenmaki ilivyoundwa

Kiswidi husema femtio, Kinorwe femti, na yeyote anayezijua lugha hizo huona tano na kumi humo ndani. Kidenmaki husema halvtreds. Humo hakuna tano wala kumi.

Ni kifupisho cha halvtredsindstyve, neno lenye vipande vitatu. Tyve ni ishirini. Sinde ni neno la kale la kuzidishia, sawa na "mara". Halvtredje ndicho kipande kigumu: tredje ni "ya tatu", halv ni nusu, na mbili hizi kwa pamoja ni 2½, yaani mbili kamili, na ya tatu imefikia nusu. Zidisha 2½ kwa 20, unapata 50.

Wanafunzi wengi hukwama hapo kwa kudhani ni nusu ya tatu. Hesabu hii huitaja namba inayoendelea kujazwa, si ile iliyokwisha kujaa. Mabaki yake yapo hadi leo: halvanden ni moja na nusu, na halv tre kwenye saa ni 2:30, saa nane na nusu kwa hesabu yetu. Ukifika 3:30 umechelewa saa nzima.

Halvfjerds (3½ × 20) na halvfems (4½ × 20) zimeundwa vivyo hivyo: 70 na 90. Tres ni 3 × 20, firs ni 4 × 20. Fyrre, yaani 40, isikuchanganye. Umbo lake refu ni fyrretyve, lakini tyve hiyo inatokana na neno la kale la "makumi": makumi manne basi, wala usizidishe kwa ishirini.

Tahajia inasaidia kidogo. Halvtreds ina d kwa sababu imetoka kwenye tredje. Tres haina, kwa kuwa imetoka kwenye tre, tatu. Sikioni msaada huo haupo: v na d hazitamkwi, unasikia kama "haltres", na kinachotenga 50 na 60 ni ile "hal" ya mwanzo, ambayo msemaji wa haraka huimeza. Tena mamoja hutangulia makumi: syvoghalvtreds ni 57. Nambari za simu zina tarakimu nane na husomwa mbilimbili, kwa hiyo usiandike 7 uliyoisikia mpaka jozi iishe.

Benki ziliwahi kutumia femti kwenye hundi, lakini mitaani haikushika. Umbo refu nalo halijafa: ukitaka kusema "ya hamsini", lazima useme halvtredsindstyvende, yote.