Katuni za Waayalandi wenye sura ya sokwe: tunavyozisoma na zilivyokuwa

Kuna katuni moja ya kale ambayo haikosi kurudi mitandaoni. Katikati amesimama mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, upanga mkononi, na kwenye upanga pameandikwa Sheria. Binti mrembo amemwegemea, analia. Upande wa pili yupo mwanamume mwenye taya la sokwe, kashika jiwe, na kofia yake imeandikwa Machafuko. Ni kazi ya John Tenniel, ilitoka katika jarida la Punch la London tarehe 29 Oktoba 1881. Chini yake mtu huandika: hivi ndivyo Waingereza walivyowaona Waayalandi. Inasambazwa, mjadala unafungwa.

Ngoja kwanza.

"Waayalandi wote walichorwa kama sokwe"

Hesabu upya watu waliomo. Mwenye upanga ni Britannia, yaani Uingereza. Yule binti anayelia ni Hibernia, yaani Ayalandi yenyewe, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza, na hana dalili yoyote ya usokwe. Kwa hiyo karatasi moja imebeba Ayalandi mbili, na kilichoamua nani apewe taya lipi hakikuwa damu peke yake. Siasa na tabaka vilikuwamo. Mkulima mtulivu, yule Paddy wa kuchekesha (jina la utani la Mwayalandi), alipata sura ya binadamu hata kama ni binadamu mjinga. Aliyeshika silaha, au aliyegoma kulipa kodi ya shamba, huyo ndiye aliyeota manyoya.

Sisemi hivi kuwatetea wachoraji. Kwangu mimi Hibernia ananikera kuliko huyo sokwe, maana nchi nzima imegeuzwa msichana asiyeweza kusimama bila dada mkubwa. Na tazama tarehe. Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ayalandi, alitiwa gerezani tarehe 13 Oktoba. Land League, jumuiya ya wakulima waliokodi ardhi ya mabwanyenye, ikapigwa marufuku tarehe 20. Siku tisa baadaye katuni ikatoka. Mashambulizi ya usiku yalikuwepo mashambani, hilo halifichwi, lakini silaha iliyoifanya jumuiya hiyo ivume ilikuwa kususa. Mwaka uliotangulia, huko Mayo, wanakijiji walimsusa Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya lodi mmoja, na ndilo jina lake tunalolitamka hadi leo tukisema boikoti. Sasa jaribu kuchora kususa. Ni watu waliokaa nyumbani, hawavuni, hawasalimii. Jiwe linachoreka vizuri zaidi.

"Ni Darwin aliyeleta sokwe"

Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka 1859, na mwaka 1861 msafiri Paul du Chaillu aliwaonyesha watu wa London gorila waliokaushwa kutoka Gabon. Mji mzima ukawa unazungumza gorila. Punch haikuchelewa: mwaka huohuo ikamchora mzalendo wa Kiayalandi kama gorila na kumpa jina la mzaha, Bwana G-O'Rilla.

Ila mwaka 1848, miaka 11 kabla ya kitabu hicho, John Leech, mchoraji wa Punch, alikuwa ameshachora simba wa Uingereza akikabiliana na kima wa Kiayalandi. Tusi lilikuwepo, sayansi ikalipatia kanzu mpya. Mwaka 1862 jarida lilifika mahali pa kuandika, safari hii kwa maneno bila picha, kwamba kiumbe wa kati baina ya gorila na mtu mweusi anapatikana kwenye mitaa duni ya London na Liverpool. Lilimaanisha vibarua wa Kiayalandi. Mwafrika anayesoma hapo anajikuta ametukanwa njiani, kwenye ugomvi ambao hata si wake.

"Frankenstein wa Ayalandi ni lile jitu lenye kisu"

Tarehe 6 Mei 1882, katika bustani ya Phoenix Park mjini Dublin, Lord Frederick Cavendish, waziri mpya wa masuala ya Ayalandi, na ofisa wake Thomas Henry Burke waliuawa kwa visu. Wiki mbili baadaye Tenniel akatoa katuni iliyoitwa "Frankenstein wa Ayalandi". Jitu kubwa limevaa barakoa, mkononi lina kisu kinachochuruzika damu. Pembeni yake mtu mmoja amejikunyata kwa hofu.

Wasomaji wengi wa leo hudhani Frankenstein ni hilo jitu. Katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818 Frankenstein ni msomi aliyeliumba, na Tenniel alilijua hilo. Frankenstein wake ni yule aliyejikunyata, naye ni Parnell. Ujumbe wote umo hapo: wewe ndiye uliyeliumba, sasa limekushinda. Ukikosea jina, katuni inageuka kelele tupu dhidi ya wauaji. Ukilipata, ni mashtaka dhidi ya mbunge aliyetoka gerezani siku nne kabla ya mauaji, akayalaani, na akamwambia Waziri Mkuu Gladstone kwamba yuko tayari kujiuzulu. Waliochinja walikuwa kikundi cha siri kilichojiita Invincibles. Hilo halikuingia kwenye picha.

Angalia pia kwamba Parnell, mwenye mashamba na Mprotestanti, hakupewa taya la sokwe. Alichorwa bwana mwenye hofu.

"Wakati wa njaa angalau walionyesha huruma"

Mara nyingine, ndiyo. Oktoba 1846, viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi, vikiwa vimeoza mwaka wa pili mfululizo, Punch ilimchora John Bull, Mwingereza mnene, akimpa Mwayalandi kapu la mikate na sepetu. Desemba ya mwaka huohuo Mwayalandi yuleyule anarudi kwa John Bull, anamwomba kijisenti. Cha kununulia nini? Gobori. Watu walikuwa wanakufa majira hayo ya baridi, na wasomaji waliolipa peni 3 kwa nakala walipewa hilo wachekee.

"Katuni siku zote humpiga mkubwa"

Hii tunaipenda sana sisi wapenzi wa vibonzo. Lakini James Gillray, fundi mkali kuliko wote wa zama zake, alilipwa na serikali kwa siri kuanzia 1797, na mwaka uliofuata, wakati wa uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza, akawachora wapiganaji wa Ayalandi kama genge la walevi na waporaji. Punch nayo ilianza upande wa wanyonge. Hata matumizi ya neno katuni kwa michoro ya kejeli yalitokea hapo mwaka 1843: bunge lilikuwa limeandaa maonyesho ya katuni, wakati huo maana yake michoro mikubwa ya matayarisho ya kupamba kuta, na Leech akawachora maskini wenye matambara wakiitazama sanaa badala ya kupewa mkate. Nusu karne baadaye, 1893, Tenniel alipewa cheo cha Sir.

Ikipenda, kalamu hiyo ilimwonea huruma mnyonge wa mbali. Mwaka 1906 Linley Sambourne wa Punch alimchora Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo na kuwatesa watu wake ili wavune mpira, kama nyoka wa mpira akimnyonga Mkongo. Ripoti iliyoamsha kelele kuhusu Kongo ilikuwa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, mzaliwa wa Ayalandi karibu na Dublin. Serikali hiyohiyo ilimnyonga mwaka 1916 kwa kuunga mkono uasi wa nchi yake.

"Waayalandi walinyamaza"

Hata kidogo. Magazeti ya Dublin kama Weekly Freeman na United Ireland yalitoa katuni kubwa za rangi. Humo Pat, yaani Mwayalandi wa kawaida, ni mrefu na mtanashati, John Bull ni tumbo lenye miguu, na yule msichana yupo tena, sasa anaitwa Erin, bado mrembo, bado anahitaji kuokolewa. Wanaume wa pande zote mbili waligombea kumwokoa, na hakuna aliyempa hata jiwe la kurusha.

"Mchoraji alisema ya moyoni"

Punch ni jina la kikaragosi cha maonyesho ya mitaani, na nyuma ya kikaragosi kuna mikono. Kila Jumatano jioni wahariri na waandishi walikula pamoja, wakavuta sigara na kubishana, mpaka wakakubaliana wazo la picha kubwa ya wiki. Alhamisi Tenniel alitafakari na kuchora rasimu. Ijumaa aliinamia ubao wa kuchapia kutwa nzima, kila kitu kikiwa kinyume, kushoto kulia, kisha ubao ukapelekwa karakana ya Joseph Swain kuchongwa. Taya la sokwe lilipita mikononi mwa watu wengi.

Na Tenniel mwenyewe aliketi kwenye kiti kilichoachwa wazi. Kabla yake alikuwepo Richard Doyle, Mkatoliki, baba yake mchoraji kutoka Dublin. Mwaka 1850 jarida lilipozidisha mashambulizi dhidi ya Papa na Wakatoliki, Doyle aliona yametosha, akaacha kazi. Wakamwajiri Tenniel. Jalada la Punch alilokuwa amelichora Doyle hawakulibadilisha, kwa hiyo kila sokwe wa Kiayalandi aliyefuata alifika mlangoni kwa msomaji akiwa amefungwa ndani ya mchoro wa Doyle. Jalada hilo liliondolewa 1956.