Risiva yako haijafa, ina njaa

Jumamosi kaja kijana kutoka Njiro, helikopta yake ndogo ya kurushwa kwa rimoti kaifunga kwenye kitenge cha mama yake kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Shikamoo fundi." Marahaba. "Risiva imekufa. Kama haijafa basi ni ule mnara wa simu unaingilia." Na alikuwa ameshaibaindi upya mara nne.

Nimechoka. Kila anayepanda ngazi za karakana yangu anakuja na hukumu tayari: risiva, kile kisanduku cha ndani kinachopokea amri za rimoti, au mnara. Sasa naandika, ili wa kesho asome kwanza ndipo apande ngazi.

La mnara tulimalize. Rimoti yako inatumia 2.4 GHz, bendi ya Wi-Fi na Bluetooth. Minara ya simu ina bendi zake. Hata Wi-Fi ya jirani haikuangushi kirahisi, maana rimoti za siku hizi zinarukaruka kutoka chaneli hadi chaneli. (Na anayerusha Kisongo, jirani na uwanja wa ndege, asinihadithie. Hayo apeleke TCAA, wenye mamlaka ya anga.)

Kubaindi nako ni kuitambulisha risiva kwa rimoti yake, basi. Ni ndoa. Haivunjiki kwa sababu mchana hakukupikwa. Kama iliitika asubuhi, saa nane haijasahau jina la mumewe. Tena mnajitafutia balaa: risiva nyingi huhifadhi feilisefu, yaani agizo la kufuata mawimbi yakikatika, wakati huohuo wa kubaindi. Ukibaindi kwa papara fimbo ya mota ikiwa juu, siku mawimbi yakikatika kweli mota itaendelea kuvuma na mapanga yake, na wewe umeshika rimoti kama umeshika sabuni.

Sasa lililonileta. Enzi za rimoti za kristali, za 35 na 72 MHz, umeme ukishuka kidogo helikopta ilishtuka tu, ikaendelea. Risiva ya 2.4 ina kompyuta ndani. Volti zikizama, kwa nyingi ni karibu na 3.5, kompyuta inazima. Umeme unarudi papo hapo, lakini yenyewe inaanza upya: inaamka, inamtafuta mwenzake, inamkuta. Sekunde moja, mbili. Kwa ndege yenye mabawa ni kitisho. Kwa helikopta ni majani ya migomba na mabaki. Wewe uliyesimama chini unaona "mtandao umekata". Haukukata. Risiva ilizimia kwa njaa.

Hapo ndipo kijana ananitolea multimita. "Fundi, nimepima, 5.0 kamili."

Umepima nini? Umepima helikopta iliyolala mezani. Sevo, kile kimota kinachosukuma vidhibiti, hata ndogo ya kidijitali ikibanwa inanyonya ampea moja na ushei, na zako ziko nne: tatu za sahani ya juu inayoinamisha mapanga, moja ya mkia. Zikianza kwenda kwa mkupuo, volti zinazama na kuinuka ndani ya milisekunde chache. Multimita ya kawaida husoma mara mbili tatu kwa sekunde na kukupa wastani. Ni mlinzi anayechungulia geti kila nusu saa, halafu anaapa hajapita mwizi. Kama risiva yako inarudisha volti kwenye rimoti, soma pale kiwango cha chini kabisa, ingawa hata hicho huwa kinachelewa. Nyingine huacha taa ikipepesa baada ya kuzimika na kurudi. Ukitua, angalia taa kabla hujachomoa betri. Hakuna anayeangalia.

Mimi hufanya hivi. Natoa mapanga, nachomoa waya tatu za mota (kidole hakina spea), nawasha, kisha nakoroga fimbo zote mbili kama nasonga ugali, huku msaidizi akizipa sevo ukinzani kidogo kwa vidole. Ya kijana wa Njiro ilizima kwenye mzunguko wa tatu. Taa nyekundu ikafumba, ikafumbua. Kijana akaniangalia kama nimefanya mazingaombwe.

Hatua ya pili ni betri ya NiMH ya seli nne, 4.8 V, moja kwa moja kwenye risiva. Lakini kwanza kwenye plagi ya ESC, kidhibiti cha mwendo wa mota, nyanyua kile kiulimi cha plastiki, vuta waya mwekundu, ufunge tepu. Usipofanya hivyo BEC, ile sehemu ya ESC inayoilisha risiva umeme, na betri vitagombana. Mweusi na wa sinyali uviache. Na usinichomekee betri ya LiPo ya seli mbili: ikijaa ni 8.4 V, na sevo za volti 6 zitanuka kabla hujasema samahani.

Kwa NiMH tulikoroga dakika tano, taa haikutikisika. Basi, risiva haina kosa. Kijana akaruka: "BEC!" Na yeye nikamwambia atulie. Kati ya BEC na risiva kuna waya na plagi, navyo vinakula volti. Niliichukua ile plagi chini ya lenzi. Kijishimo cha waya mweusi kilikuwa kimepanuka na kuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na penye bano, nyuzi zilizobaki zima zilikuwa tatu. Tatu! Mezani zinatosha. Hewani sevo nne zinagombea mlango wa upana huo. Nilikata, nikabana pini mpya, nikarudisha BEC yake ileile, tukakoroga mpaka mkono ukauma. Shilingi mia tano za pini. Risiva mpya alikuwa ameshaiagiza Dar.

Si kwamba BEC ni malaika. Zile za kizamani zinazopunguza volti kwa kuzigeuza joto, piga hesabu: seli tatu zilizojaa ni 12.6 V, unataka 5, unatupa 7.6. Kwa ampea mbili hizo ni wati 15, sawa na pasi ndogo ya kuchomea iliyofungwa ndani ya mpira. Mezani nusu dakika haioni kitu. Dakika ya nne hewani inajizima yenyewe, ikipoa inarudi, na wewe unailaumu Voda.

Watu huniomba ile kapasita kubwa ya kuchomeka kwenye tundu tupu la risiva. Ninayo, nauza. Inaziba mzamo mfupi, haiponyi BEC dhaifu wala plagi iliyooza. Mara nyingine nahisi nauza panadol.

Mengine kwa haraka. Antena: kinachopokea ni ile ncha iliyovuliwa, milimita 31, isikatwe, isilale juu ya kaboni, na zikiwa mbili zielekee pande zinazokatana. Mpangilio wa chaneli, yaani matundu ya plagi kwenye risiva: za kampuni ya Futaba hazianzi na mota, za JR na Spektrum zinaanza nayo, kwa hiyo sevo ikiitika fimbo isiyo yake usiseme imeharibika. Plagi iliyogeuzwa haiunguzi kitu kwa kuwa chanya iko katikati, lakini haitafanya kazi hata ukiiombea. Na ukiwasha usiishike helikopta, jairo, kifaa kinachoutuliza mkia, inajipima.

Nililo na wasiwasi nalo ni mkia wa mkanda. Januari, vumbi limekauka, mkanda unasugua na kuzalisha umeme tuli, mkia unarukaruka bila sababu. Dawa wanayoitaja wengi ni kuunga bomba la mkia na ganda la mota kwa waya. Niliunga, ikapona. Lakini siku ileile nilikuwa nimebadilisha na waya wa jairo, kwa hiyo hadi leo sijui kilichoponya ni kipi, na mwenye helikopta hakubali nimtolee ule waya nijaribu.

Ukija, njoo na betri ileile uliyoangukia nayo, ikiwa na chaji ileile. Usiijaze njiani ili kunifurahisha.