Eti Mwafrika hakuumbiwa maziwa?

Ile meseji inazunguka tena kwenye magrupu, eti mwili wa Mwafrika hauwezi maziwa, ni ya Wazungu tu. Sio kweli jamani. Kama theluthi mbili ya watu wazima duniani, laktesi (kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa) huwapungua baada ya utoto, na wapo kila bara, Uchina na Japani ndo usiseme, hata kusini mwa Italia wapo kibao. Halafu Wamaasai wengi wanakunywa maziwa freshi ukubwani bila shida, na utafiti wa 2007 uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha jeni za wafugaji zilibadilika kivyake, sio mabadiliko yale ya Ulaya. Kinachochanganya watu ni ramani za wasiosaga maziwa zinazopaka Afrika nzima rangi moja, wakati mfugaji na mkulima wa wilaya jirani wanaweza kutofautiana kabisa. Unataka kujua wewe uko upande gani? Baadhi ya hospitali wana kipimo cha pumzi, unakunywa laktosi (hiyo sukari ya maziwa) wanapima gesi ya haidrojeni kwenye pumzi yako. Freshi ikikukataa jaribu mtindi, bakteria washakula sehemu ya sukari. Basi hiyo meseji tuache kuiforwadi, hasa kwa kina mama wenye vichanga, maana karibu watoto wote wanasaga laktosi vizuri, na maziwa ya mama yanayo nyingi kuliko ya ng'ombe.