Taa ya skuta ikififia, usikimbilie balbu kubwa

Wenye skuta wengi wanaotuletea malalamiko ya taa ya mbele huwa wameshachagua dawa kabla ya kujua ugonjwa: wanataka balbu ya wati nyingi zaidi. Baadhi wameshaifunga tayari. Ile ya wati 35 imetolewa, ya wati 60 imewekwa, na kwa muda njia inaonekana vizuri. Kisha soketi inaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Hesabu yake ni fupi. Kwenye umeme wa volti 12, balbu ya wati 35 huvuta karibu ampea 3, na ya wati 60 huvuta ampea 5. Waya, swichi ya kwenye usukani na soketi vilichaguliwa kwa mzigo ule wa kwanza. Riflekta (bakuli la ndani ya taa linaloakisi mwanga) za skuta nyingi ni plastiki iliyopakwa utando unaong'aa, na joto la balbu kubwa ndani ya kasha dogo huupunguzia utando huo mng'ao au kuipinda plastiki yenyewe. Riflekta ikishafika hapo, hakuna balbu itakayourudisha mwanga wake. Stata, yaani sehemu ya injini inayozalisha umeme, nayo ina kikomo: taa ikila zaidi ya fungu lake, betri haijai, na asubuhi starta (mota ya kuwashia injini) inagoma.

Balbu zinazochanganywa sana ni HS1 na H4. Ukiziweka mezani zinafanana: kila moja ina nyuzi mbili ndani, miguu mitatu nyuma, na kitako cha duara chenye masikio. HS1 ni ya wati 35 kwa dimu (mwanga wa chini) na 35 kwa fuli (mwanga wa mbali). H4 ni ya 55 kwa 60. Masikio yake yametofautishwa makusudi ili moja isikae mahali pa nyingine, na bado watu huyapiga tupa mpaka yaingie. Naelewa kishawishi: kwa vipimo vya Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa, HS1 hutoa mwanga wa lumeni 825 kwa fuli na 525 kwa dimu, wakati H4 hutoa 1650 na 1000. Lakini lumeni hizo hupimwa balbu ikipewa volti 13.2, na hapo ndipo penye siri ya taa nyingi hafifu.

Mwanga wa balbu ya halojeni, kama HS1 na H4, haushuki sawasawa na volti. Hushuka kwa kasi zaidi. Balbu iliyostahili volti 13.2 ikipata 12 tu, zaidi ya robo ya mwanga wake imepotea, ingawa volti zilizopungua hazifiki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta multimita (kipima umeme). Washa injini na taa, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha pima nyuma ya plagi ya balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unaibiwa njiani. Ili kupata mahali hapo, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa balbu unaopokea umeme; usomaji ni hasara ya upande huo. Rudia kati ya nguzo hasi na mguu wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri).

Wezi wakubwa ni watatu: swichi ya dimu iliyochakaa, skrubu ya ethi iliyoshika kutu kwenye fremu, na plagi ya balbu yenyewe. Hiyo plagi ivute uitazame kwa karibu. Mara nyingi utakuta vishikio viwili bado vina rangi ya shaba, na cha tatu kimegeuka kahawia au cheusi, huku plastiki inayokizunguka ikiwa imevimba au kukauka kama ganda. Kishikio hicho hakibani tena, kwa hiyo kinapata joto, na kila joto linazidi kukilegeza. Balbu mpya haitakiponya. Kata plagi hiyo, funga mpya yenye waya mnene, na usafishe ethi mpaka chuma king'ae. Nimeona taa ikibadilika kabisa kwa kazi hii peke yake, balbu ikiwa ile ile ya zamani.

Kama taa inaendeshwa na betri na swichi ndiyo inayokula volti, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ni nyongeza nzuri kuliko zote. Swichi inabaki kutoa amri tu, na umeme wa taa unatoka kwenye betri kupitia fyuzi yake na waya mfupi mnene.

Kubadilisha balbu kwenyewe si kazi kubwa, isipokuwa kwa skuta zinazodai ufungue bodi yote ya mbele. Hapo tafuta skrubu zote zilizofichika kabla ya kuvuta, maana klipu za plastiki huvunjika kwa haraka ya fundi. Zima taa, acha balbu ipoe. Vuta plagi kwa mwili wake, si kwa waya. Toa kifuniko cha mpira, fungua klipu ya chuma, na kabla ya kuitoa balbu kariri imekaa upande gani. Mpya ishike kwa kitako tu. Kioo cha halojeni hufanya kazi kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi, na mafuta ya kidole huungua pale pale, yakaacha doa linalopata moto kuliko sehemu nyingine mpaka kioo kidhoofike. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti na kitambaa safi. Rudisha kifuniko cha mpira kikae vizuri pande zote, kwa sababu maji yakiingia yatakula riflekta. Jaribu dimu na fuli kabla ya kufunga bodi.

Balbu zikiungua mara kwa mara, usizilaumu. Pima volti za betri injini ikizunguka kasi kidogo: kati ya 13.5 na 14.8 ni sawa kwa skuta nyingi, na ikipita 15 regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya halojeni hupungua kwa karibu nusu.

Balbu za LED zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwanza jua umeme wa taa yako unatoka wapi. Ukifungua swichi ya ufunguo na taa ikawaka kabla ya injini, inatumia betri. Ikiwaka injini inaponguruma tu, na mwanga ukapanda na kushuka kwa kufuata mafuta unayovuta, inalishwa na stata moja kwa moja kwa umeme wa kwenda na kurudi. LED ya kawaida hapo itapepesa au kufa mapema. Pili, riflekta ilichorwa kuzunguka uzi mdogo uliokaa mahali pamoja. Vipande vya LED visipokaa hasa pale pale, mwanga hutawanyika juu ya mstari wa dimu na kumpofusha anayekuja, huku wewe ukipata mwanga mwingi mbele ya tairi na mchache mbali, unakouhitaji. Nchi nyingi huidhinisha taa pamoja na aina ya balbu yake, kwa hiyo LED ndani ya taa ya halojeni inaweza kukunyima uhalali hata kama imeingia bila shida. Ukitaka LED, naona heri kubadilisha taa nzima, yenye alama ya idhini, E ndani ya duara, kwenye kioo chake.

Balbu za halojeni zilizopakwa rangi ya buluu ziache dukani; rangi hiyo inachuja mwanga uliokwisha kuulipia. Kioo cha plastiki kilichopigwa na jua hadi kikawa cha njano kisugue kwa msasa laini wenye maji, kisha ukipake vanishi inayozuia mionzi ya jua, la sivyo unjano utarudi.

Baada ya kugusa chochote hapa, elekeza taa upya. Jaza tairi upepo, simamisha skuta mita 5 kutoka ukutani kwenye sakafu iliyo sawa, na mwendeshaji aketi kwenye kiti. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya kimo hicho ukutani, kisha geuza skrubu ya kurekebishia mpaka ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 chini ya alama. Kama hubeba abiria kila siku, fanya kipimo hicho abiria akiwa amekaa, kwa sababu uzito wake hushusha nyuma ya skuta na kuinua mwanga kwenye macho ya wengine.